Diski ya Mbao Laini

Tangu daktari aseme kwamba bega la fundi lazima lipasuliwe, neno hilo la kupasua halikutajwa tena katika nyumba ile. Mkewe alilikwepa kama mtu anavyokwepa dimbwi lililo mlangoni pake. Kuni alisema anazichanja. Shuka kuukuu alisema anaichana matambara. Wote wawili walijua kwa nini, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Fundi alikuwa seremala, na watu walimwita Randa. Hilo si jina alilopewa na wazazi wake, ni jina la kazi, la kile chombo cha kulainishia mbao. Mbao ikishapita chini ya randa yake, ungeweza kufumba macho ukapitisha kiganja toka mwanzo hadi mwisho usikutane na kitu. Wateja walikuwa wakifanya hivyo mbele yake, wakacheka wenyewe kama watoto. Lakini mwaka huo bega la kulia lilianza kufa ganzi, kisha likawaka moto, kisha likakataa kabisa mkono kupanda juu ya kifua. Siku ya mwisho aliyojaribu kusukuma randa alitokwa na machozi bila kuyapa ruhusa. Akaifuta, akaifunga kwa kitambaa, akaiweka juu ya rafu ya karakana, nyuma ya makopo ya misumari.

Shemeji yake, aliyechoka na useremala akaenda kutafuta maisha mengine, alikuwa amemwachia msumeno wa meza. Mashine nzee lakini mota ilizunguka. Diski yake ndiyo ilikuwa imekwisha, meno yameviringika, haikati hata siagi. Kwa miezi miwili mashine ilikaa pale pembeni imefunikwa gunia, na fundi akiipita haitazami.

Kazi iliyomlazimisha kuifunua ililetwa na mkunga mstaafu.

Mkunga alikuja na mkokoteni, juu yake mbao tatu nene, nyeusi kwa uzee. Zilikuwa za mlango wa nyumba ya baba yake. Nyumba ilibomolewa barabara ilipopanuliwa, na katika vitu vyote alivyoweza kuokoa aliokoa mlango.

"Ndugu zangu wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo," alisema. "Tuko wanane. Tangu nyumba ivunjwe hatujakaa pamoja hata siku moja. Nataka meza. Waingie kwangu wakalie mlango wa baba. Umenielewa?"

"Wakalie, mama, au waulie chakula?"

"Usinichekeshe, mwanangu. Itoke meza."

Fundi alizipima kwa shibiri. Kila mbao ilikuwa na ukingo ulioliwa na misumari na mvua. Ukiondoa kingo zile zilizooza kwa msumeno, ukaziunganisha tatu kwa gundi, upana wa meza ya watu wanane ulitoka, na vidole viwili tu vya kubaki. Si zaidi. Mbao nyingine kama zile hazikuwepo. Hata zingekuwepo, mkunga asingezitaka.

"Itatoka," alisema.

Mkunga akatoa malipo ya mwanzo, akaondoka nyuma ya mkokoteni mtupu.

Sasa, gundi haishiki ukingo wenye mikwaruzo. Kwa miaka yote fundi alikuwa akipasua mbao kwa msumeno wa mkono, kisha ananyoosha ukingo kwa randa mpaka mbao mbili zikikutana hazipitishi hata mwanga. Safari hii randa haikuwezekana. Kilichobaki ni kupata diski ambayo ikipasua inaacha ukingo laini wa kutia gundi moja kwa moja. Diski kama hizo zilikuwepo, alikuwa amezisikia. Ila hakutaka kwenda dukani mwenyewe. Pale duka la vifaa walimjua wote, na alishajua watakavyosema: Randa kahamia kwenye umeme! Randa kazeeka!

"Nenda wewe, mama watoto," alimwambia mkewe. "Mwambie unataka diski ya msumeno wa meza." Hapo akakohoa, akatazama chini. "Ya kupasua. Ikipasua itoe laini."

Mkewe aliitikia kwa kichwa. Neno lilikuwa limeshatua katikati yao, na kila mmoja akajifanya hakulisikia.

*

Duka lilikuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu, na jua halikumhurumia. Njiani alirudia maagizo kimyakimya: diski ya msumeno wa meza, itoe laini. Lile neno la katikati aliliruka, akijiambia kwamba akifika litakuja lenyewe.

Ndani mlijaa wanaume. Alisimama mbele ya kaunta, wakaja wawili wakahudumiwa, akaja wa tatu akaagiza juu ya kichwa chake. Muuzaji, kijana mwenye kalamu sikioni, ndipo akamwona.

"Bi mkubwa, vitu vya jikoni ni duka la pili."

Mtu mmoja akacheka. Mama akasogea mbele, akashika ukingo wa kaunta kama mtu aliye kwenye mtumbwi.

"Sitaki vya jikoni. Nataka diski ya msumeno wa meza. Mbao. Itoke laini."

"Ya mbao laini?"

"Laini, ndiyo."

"Ya kukatia?"

Hapo ulimi ulifika mahali pa lile neno, ukaona chumba cha hospitali, taa nyeupe, na bega la mumewe limefunuliwa kama mlango. Ukarudi nyuma.

"Ya kukatia," alisema.

Kijana akapanda ngazi, akashuka na diski inayong'aa, meno madogo yamepangana kuizunguka kama shanga. "Meno themanini hii. Mbao laini, plaiwudi, inakata kama wembe. Hutaona hata uzi." Akataja bei. Mama akahesabu noti zote alizopewa, na sarafu za nauli ambazo alikuwa ameamua tangu asubuhi kutozitumia, zikatosha kwa shida. Juu ya kichwa cha kijana palikuwa na kibao: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI.

*

Aliporudi alikuta mumewe amekaa juu ya benchi la karakana, anamsubiri kama anayesubiri majibu ya vipimo. Alimpa kifurushi, akaketi, akavua viatu. Miguu ilikuwa imevimba. Alama za mikanda zilibaki kwenye ngozi.

Fundi akafungua karatasi. Akaitazama diski. Akaigeuza dirishani.

Bwana aliyemfundisha kazi, marehemu sasa, alikuwa na misumeno miwili ukutani na alimpiga kofi kila alipochukua usio wake. Wa kukata mbao kwa kuvuka upana wake una meno madogo mengi. Wa kupasua, unaokwenda na uzi wa mbao, kwa urefu wake, una meno machache makubwa, na kati ya jino na jino pana pengo. Kwa nini pengo? Kwa sababu unga wa mbao ni lazima upate pa kutokea. Usipotoka unasuguana, na kinachosuguana kinaungua. Fundi aliyakumbuka yote hayo kana kwamba kofi lilikuwa la jana.

"Hii ndiyo aliyokupa?"

"Ndiyo. Amesema laini kabisa, hutaona hata uzi." Mkewe alikuwa anasugua unyayo kwa kidole gumba. "Kwani vipi?"

Fundi aliitazama ile miguu. Akakumbuka umbali wa duka, na jua, na kibao kilichopo pale juu ya kaunta, ambacho yeye mwenyewe alikijua miaka nenda rudi. Labda hizi za kisasa ziko tofauti, alijiambia. Labda meno mengi ndiyo ulaini wenyewe.

"Hakuna kitu," alisema. "Iko sawa. Umefanya vizuri."

Mkewe akatabasamu. Ilikuwa muda mrefu hajaambiwa hivyo.

*

Kesho yake asubuhi aliifunga diski, akanyoosha reli ya kuongozea, akaweka mbao ya kwanza. Shibiri ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili sauti ikabadilika, mashine ikaanza kulia kama mbuzi aliyebanwa mlangoni. Moshi mwembamba ukatoka chini ya mbao. Angezima hapo. Lakini alishafika katikati, na akisimama alama itabaki, kwa hiyo akasukuma kwa mkono wa kushoto na kwa tumbo mpaka mwisho. Ukingo ulitoka mweusi, umepindapinda kama pindo lililoshonwa na mwanafunzi.

Katika karakana ya jirani alikuwepo mchomeleaji waliyemwita Cheche. Alivua miwani yake ya kazi, akapaza sauti:

"Randa! Unapika nini huko? Tukaribishe!"

Vijana wa kupaka rangi waliokuwa naye wakaangua kicheko. Fundi hakujibu. Labda nilikwenda polepole mno, alijiambia, na polepole ndiko kunakochoma. Akaweka mbao ya pili, ile yenye tundu la kitasa, akaisukuma kwa haraka.

Ilifika nusu. Unga haukuwa na pa kutokea, mbao nene ikapata joto, ikajibana nyuma ya diski kama mdomo unaofumba. Mashine ikaguna. Kisha mbao ikaruka. Ilipita ubavuni mwake, upepo wake akausikia kwenye shati, ikagonga ukuta wa matofali na kurudi chini. Ilikuwa imevunjika vipande viwili penye tundu la kitasa, na kipande kimoja kimechanika kwa mshazari hadi mwisho. Mota ilinguruma mara moja, ikatoa harufu ya mpira uliochomwa, ikanyamaza.

Safari hii hata Cheche hakucheka.

Mkewe alipoleta chakula cha mchana alimkuta ameketi chini, ameweka vile vipande viwili mapajani, anajaribu kuvikutanisha. Aliweka bakuli chini. Alitazama ukingo mweusi, akaitazama diski, meno yake mazuri yote yamekuwa ya bluu kwa moto.

"Imekuwaje?"

"Si diski yake. Hii ni ya kukata."

"Ulijua lini?"

Fundi akavigeuza vile vipande mapajani.

"Baba watoto, nakuuliza. Ulijua lini?"

"Jana. Nilipoitoa kwenye karatasi. Sikujua hasa, nilihisi."

"Ukahisi ukanyamaza."

"Ulikuwa umechoka."

Mkewe alisimama mikono kiunoni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, na ingekuwa afadhali angepiga kelele: "Kwa hiyo kuchoka kwangu mimi ndiko kulikopasua mbao ya watu?"

Lile neno. Alilisema yeye, baada ya miezi yote ile, na wote wawili wakalisikia.

"Miguu yangu ingepoa usiku uleule," aliendelea. "Ningerudi. Ningekaa pale mlangoni mpaka wanibadilishie. Wewe umenionea huruma, na huruma yako iko hapo chini, vipande viwili."

*

Alirudi dukani siku hiyohiyo. Hakumuaga.

Kijana wa kalamu sikioni aliigeuza diski, akapiga mluzi. "Mama, hii mmeifanyia nini? Mmechoma nyama?"

"Tumepasulia mbao ngumu."

"Kupasua!" Kijana akaweka diski juu ya kaunta. "Ungesema kupasua. Wewe uliniambia kukata mbao laini. Kupasua si hii." Akanyoosha mkono bila hata kupanda ngazi, akatoa diski iliyokuwa imening'inia nyuma yake tu, usawa wa macho. Meno yake yalikuwa machache, makubwa, na kati yake mapengo mapana. "Meno ishirini na nne. Ikiwa mashine yako imenyooka, inakwenda na uzi wa mbao, inatoa ukingo unatia gundi hapohapo. Na ni rahisi kuliko uliyochukua. Watu wanadhani meno mengi ndiyo bora."

"Rahisi?"

"Karibu nusu ya bei."

Mama aliitazama ile diski. Jana alikuwa amesimama mbele yake muda wote ule wa kusubiri. Alikuwa hata amejitazama uso ndani yake akanyoosha mtandio. Hakuomba kubadilishiwa. Kibao kilikuwa palepale, na alichorudisha hakikuwa mali tena. Alifunga diski yake ya bluu kwenye khanga, akasema asante. Njia nzima alilitamka lile neno kwa sauti, kupasua, kupasua, hata mtoto mmoja mlangoni kwao akamuuliza mamake yule bibi anaongea na nani.

Nyumbani alimweleza mumewe yote. Bei pia. Alikuwa amefikiria kuificha, akafika mlangoni, akabadili nia.

*

Mkunga walimwita wenyewe. Alikuja, akasimama juu ya zile mbao bila kuinama. Fundi alianza kusema kosa ni lake, mkewe akasema hapana, neno alikosea yeye, fundi akasema lakini diski aliiona. Mkunga aliinua kiganja.

"Nyamazeni. Miaka thelathini na sita mimi nimekuwa nikipewa mtu mmoja, narudisha wawili. Wewe Randa nimekupa mbao tatu, unanirudishia mbili."

Hakuna aliyecheka, wala yeye hakusema ili wacheke.

Akachuchumaa kwa taabu, akaokota kipande chenye tundu la kitasa, akaingiza kidole humo. "Hapa ndipo baba alipokuwa akichungulia kabla ya kufungua. Tukichelewa tunaona jicho." Akakiweka ndani ya mkoba wake, kikatokeza nje kama mkate. "Hizo mbili zinatoa nini?"

"Meza nyembamba, mama. Ya watu wanne. Watano wakibanana."

"Na watatu?"

Fundi alizipima tena zile mbili kwa shibiri.

"Watasimama," mkunga alisema. "Au nitasimama mimi. Nyoosha hizo mbili, gundi utatia usiku. Nakuja Ijumaa saa kumi. Nitazisimamisha pamoja dirishani, na nikiona mwanga katikati nazibeba mbao zangu, na kila mwanamke nitakayemkuta kwenye foleni ya maji nitamwambia Randa amenifanya nini. Mimi husikilizwa, unajua."

Walijua.

*

Mashine ilikuwa maiti. Ukingo mweusi na ule ulioliwa na misumari vilitaka mkono, na mkono wa fundi haukupanda. Mkewe ndiye aliyeburuta kiti, akapapasa nyuma ya makopo ya misumari, akaishusha randa, akafungua kitambaa.

"Nifundishe," alisema.

"Si kazi ya siku tano."

"Basi usizipoteze kwa kuongea."

Fundi akanoa kisu cha randa kwa mkono wa kushoto, polepole, akikibana na goti. Akamsimamisha mkewe mbele ya benchi. Mguu huu mbele. Uzito mwanzo uwe mkono wa kushoto, ukifika mwisho uhamie kulia. Usiisukume kwa mikono, isukume kwa nyonga. Siku ya kwanza randa iliruka na kugota, ikatoa vumbi badala ya maranda. Siku ya pili malengelenge yalipasuka, akayafunga kwa tambara la ile shuka kuukuu. Cheche hakukosa la kusema:

"Randa kaoa fundi! Na sisi tutafutieni!"

"Njoo nikurande wewe kwanza," mama alimjibu bila kugeuka, "una vinundu vingi." Vijana wa rangi wakashangilia, na Cheche akarudi kwenye moto wake.

Fundi alikuwa akishika mwisho wa mbao kwa mkono mzima. Alipenda kufumba macho asikilize, kwa sababu randa ikienda vizuri huimba. Siku ya tatu iliimba. Maranda marefu yakaanguka miguuni pa mkewe, na yeye akageuza uso ukutani. Furaha ilikuwemo. Lakini ulikuwa wimbo wake, na ulitoka mikononi mwa mtu mwingine, na hautarudi tena mikononi mwake. Hilo alilijua pale, amesimama, unga wa mbao kwenye kope.

Ijumaa, saa kumi ikikaribia, wakasimamisha mbao mbili, ukingo juu ya ukingo, mbele ya dirisha. Mkewe aliinama upande wake, yeye upande wake. Mkewe aliibana mikono kwapani. Mgongo wake haukunyooka tena vizuri tangu jana. Alikuwa amepaka mafuta vidoleni, na mafuta yale yalikuwa na wekundu.

"Mimi sioni," alisema. "Wewe unaona?"

Fundi alitazama. Karibu na mwisho, upana wa kidole, palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Ungeweza kusema ni macho. Gundi pengine ingeuziba. Mkunga alikuwa mzee, huenda asiuone. Akamtazama mkewe, akaona jasho lililokauka kwenye paji la uso likaacha chumvi, akaona miguu.

Nje, mbali, alisikia magurudumu ya mkokoteni yakija.

"Naona," alisema. "Upo mwanga, mama watoto. Rudia."

Mkewe akarudi kwenye benchi. Alikaza tambara kwa meno, akaitwaa randa.